Kampuni Imekufa, Haki Ziko kwa Nani? Mwongozo wa Kumtafuta Mwenye Kompyuta ya Zamani

Swali kuhusu kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 ni lile lile, linabadilika jina la mashine tu. "Nataka kutengeneza upya bodi ya ZX Spectrum." "Nataka kuuza kompyuta ndogo yenye ROM (programu ya kudumu iliyo kwenye chipu) ya Commodore 64 ndani yake." "Kampuni ilifilisika tangu 1984, sasa si mali ya kila mtu?"

Hapana. Kampuni ikifa, haki zake hazizikwi nayo. Hugawanywa kama mirathi: nyingine huuzwa na mfilisi, nyingine huchukuliwa na wadai, nyingine hubaki mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kuangalia. Na kama ilivyo kwenye mirathi, nyumba inaweza kwenda kwa huyu, shamba kwa yule, halafu ikagundulika kwamba ng'ombe walikuwa wa jirani tangu mwanzo. Kwa hiyo usiulize "nani anamiliki Commodore 64?" Uliza "nani anamiliki kitu hiki kimoja ninachotaka kukinakili?"

Mifano mingi hapa ni ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa mashine hizi zilitengenezwa huko na nyaraka ziko huko. Huu si ushauri wa wakili. Ukifika mahali pa kuweka fedha nyingi, mlipe wakili asome ulichokusanya. Akipokea faili lililopangwa, bili yake itakuwa ndogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine yenyewe, au picha kali za bodi pande zote mbili, lebo ya chini ya kasha na kila chipu ya ROM.
- Nakala ya ROM kama faili. Ukiisoma mwenyewe, angalia aina ya chipu kwanza. ROM za BASIC (lugha yake ya programu) na Kernal (programu yake ya msingi) za Commodore 64 ni za aina ya 2364 zenye miguu 24, ilhali EPROM (chipu inayofutika na kuandikwa upya) ya kawaida ya ukubwa huo, 2764, ina miguu 28. Bila adapta utasoma takataka, kisha utapoteza siku nzima ukidhani chipu imekufa.
- Kitabu cha mtumiaji na cha fundi, hasa kurasa mbili za mwanzo. Watu wengi wanaozichanganua kwa skana huziruka kurasa hizo, nazo ndizo zenye majina.
- Kompyuta yenye programu ya `strings`, inayotoa maandishi yaliyo ndani ya faili, au ya kusoma baiti.
- Jedwali lenye safu sita: tabaka, jina lililoandikwa, mwaka, mwenye haki sasa, ushahidi, ruhusa. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa wahenga walisema kweli tupu.
- Subira. Kupekua rejista ni kazi ya siku chache na karibu yote ni bure. Kungoja majibu ya barua ni kazi ya miezi.

Hatua ya 1. Igawe mashine katika matabaka

Kila tabaka lina haki ya aina yake na huenda lina mwenyewe tofauti. Andika yote saba kwenye jedwali hata kama unahitaji moja tu.

1. Jina na nembo: alama ya biashara.
2. Programu iliyo ndani ya ROM: hakimiliki.
3. Programu ya kampuni nyingine iliyo ndani ya ROM hiyo hiyo: hakimiliki ya mtu mwingine kabisa.
4. Vitabu, mchoro wa saketi, na mchoro wa njia za bodi: hakimiliki ya maandishi na ya michoro.
5. Uvumbuzi: hataza.
6. Umbo la kasha: muundo uliosajiliwa, kama ulisajiliwa.
7. Mpangilio wa ndani wa chipu: haki ya pekee yenye muda mfupi.

Tabaka la 2 ndilo linalowaangusha wengi. Zamani kulikuwa na waliodhani kwamba programu iliyochomwa ndani ya chipu ni sehemu ya mashine, si maandishi. Franklin walijaribu hoja hiyo Marekani baada ya kunakili ROM za Apple II kwa ajili ya kompyuta yao ya Ace, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa ikawakatalia: msimbo ulio ndani ya ROM una hakimiliki. Jambo hilo halijabadilika.

Tabaka la 4 lina habari njema kidogo. Mchoro wa saketi ni kazi yenye hakimiliki, ila saketi yenyewe, yaani mguu upi unaungana na upi, sivyo. Sheria ya Marekani haimpi mwenye mchoro wa kifaa cha matumizi uwezo wa kumzuia mtu asikitengeneze kifaa hicho, na kifungu cha 51 cha sheria ya Uingereza ya 1988 kinaelekea huko huko. Maana yake kwa fundi: kuisoma saketi na kuichora upya mwenyewe ni jambo moja, kuichanganua bodi kwa skana na kuzifuata njia zake milimita kwa milimita, pamoja na maandishi yake meupe, ni jambo jingine. Kuupakia mchoro wa kampuni mtandaoni ni la tatu, na hilo ni kunakili waziwazi.

Hatua ya 2. Soma majina kwenye mashine yenyewe

Usianze na Wikipedia. Anza na ROM:

`strings -n 6 spectrum.rom`

Kwenye ROM ya Spectrum ya 1982, yenye baiti 16,384, utaona mstari huu: ` 1982 Sinclair Research Lt`. Herufi ya mwisho haipo na alama ya © haipo. Faili halijaharibika. Spectrum huhifadhi © kama baiti 7F, ambayo `strings` huiona si herufi, na huwasha biti ya juu ya herufi ya mwisho ya kila ujumbe ili ijue ujumbe umeisha, kwa hiyo "d" imekuwa E4. Ukitafuta neno zima "Ltd" hutalipata kamwe. Kumbuka mtindo huo, maana ROM nyingi za miaka ya 1980 zina hila kama hizi za kubana nafasi. Tafuta kwa kipande cha neno.

Kisha washa mashine usome skrini. Amstrad CPC 464 inakutajia wenyewe wawili hapo hapo: Amstrad Consumer Electronics plc na Locomotive Software Ltd, walioandika BASIC yake. Dragon 32 inataja Dragon Data na Microsoft. Commodore 128 inaandika Commodore Electronics, kisha chini yake Microsoft, 1977.

Ila Commodore 64 inasema ` COMMODORE 64 BASIC V2 ` na baiti 38911 zilizo huru, basi. Microsoft haitajwi popote, na BASIC hiyo imetoka kwao. Ng'ombe wa jirani ndio hao. Kwenye dada yake mkubwa, PET yenye BASIC ya pili, andika `WAIT 6502,1` na skrini itakujibu `MICROSOFT!`, jina lililofichwa ndani ya ROM na wenyewe walioiandika.

Kwa hiyo jina lisipoonekana, usihitimishe kwamba hakuna mtu wa pili. Kama mashine ni ya kati ya 1977 na 1985 na ina BASIC, uliza kila mara BASIC hiyo iliandikwa na nani.

Malizia na bodi na kitabu. Andika toleo la bodi jinsi lilivyo (kwenye Spectrum ni kama ISSUE 3B, kwenye Commodore 64 ni kama ASSY 250425), jina lililo karibu na ©, na mwaka. Jina kamili la kampuni ni muhimu, kwa sababu Commodore peke yake ilikuwa na makampuni kadhaa yenye majina yanayokaribiana.

Hatua ya 3. Fuata mlolongo wa umiliki

Sasa unamtafuta nani alimpa nani. Mlolongo mfupi unafanana na wa Sinclair: mwezi Aprili 1986 Sinclair Research iliuza jina na biashara ya kompyuta kwa Amstrad kwa pauni milioni 5, na 2007 Amstrad ikanunuliwa na BSkyB, inayojulikana leo kama Sky. Hatua mbili tu. Hata hivyo mtego upo: Amstrad haikuinunua kampuni ya Sinclair Research, ilinunua bidhaa na jina. Sinclair Research yenyewe iliendelea kuwepo miaka mingi baada ya hapo. Aliyeiandikia akiomba ruhusa ya ROM alikuwa akimwomba mtu aliyekwisha uza.

Kila ukikuta neno "ilinunuliwa", simama uulize: ilinunuliwa kampuni nzima, au baadhi ya mali zake? Kampuni ikinunuliwa nzima, haki huenda nayo bila kutajwa. Zikinunuliwa mali, ni zile tu zilizoandikwa kwenye mkataba.

Mlolongo mrefu ni wa Commodore, na unastahili kusomwa polepole. Aprili 1994, Commodore inafilisika. 1995, Escom ya Ujerumani inanunua. Julai 1996, Escom nayo inafilisika. 1997 njia zinagawanyika: Amiga, kompyuta nyingine ya Commodore, inakwenda Gateway 2000 ya Marekani, jina la Commodore linakwenda Tulip ya Uholanzi. Mwishoni mwa 1999 Gateway inauza jina la Amiga kwa kampuni mpya iliyojiita Amiga Inc. lakini inabaki na hataza. Baadaye Hyperion, waandishi wa AmigaOS 4, wanashtakiana na Amiga Inc. na kupatana mwaka 2009 kwa mkataba unaowapa leseni. Pembeni, kampuni ya Cloanto inakusanya hakimiliki za programu za Commodore na Amiga za hadi 1993. Na 2025 jina la Commodore likauzwa tena, kwa kikundi kipya.

Mtu akikuambia "nimeongea na Commodore wamekubali", muulize: Commodore ipi, na kitu gani? Aliye na jina huenda hana hata baiti moja ya ROM. Ndiyo maana THEC64, mashine ya kisasa inayoiga Commodore 64, iliingia sokoni ikiwa na programu zilizopewa leseni lakini bila neno Commodore kwenye kasha.

Jihadhari pia na jina lililofufuka. Mwaka 2006 kompyuta za mkononi za Windows ziliuzwa Uingereza kwa jina la Acorn. Hazikuwa na uhusiano wowote na Acorn waliotengeneza BBC Micro. Jina lilikuwa limeachwa na mwingine akaliokota.

Na kununua vyombo si kununua haki. Kalibu za kasha la mashine ya michezo ya Atari Jaguar ziliishia kwa watengenezaji wa vifaa vya meno, wakafungia kamera yao humo. Hakuna aliyedhani kwamba watengenezaji hao sasa wanamiliki michezo.

Hatua ya 4. Pekua rejista

Mlolongo uliouandika mpaka hapa ni tetesi. Rejista ndizo zitakazoufanya kuwa ushahidi.

*Companies House*, kwa makampuni ya Uingereza, ni bure. Tafuta kwa jina, lakini nakili namba ya kampuni. Jina linaweza kuachwa na kampuni moja na kuchukuliwa na nyingine; namba haihami. Tazama majina ya zamani, tarehe ya kufutwa, na orodha ya dhamana: benki iliyokuwa na dhamana juu ya mali zote huenda ndiyo iliyochukua hakimiliki.

*The London Gazette* huchapa matangazo ya ufilisi. Hapo utapata jina la mfilisi na ofisi yake. Ofisi hizo huungana na kubadili majina, ila nyingi zina mrithi anayejibu barua.

*Ofisi ya hataza ya Marekani, USPTO*, ina hazina inayodharauliwa: rejista ya uhamisho wa hataza tangu 1980. Hata hataza iliyokwisha muda inakuonyesha ilipita mikononi mwa nani, na aliyenunua hataza za kampuni iliyofilisika mara nyingi alinunua na vingine. Tafuta jina la kampuni kama mtoaji, halafu mtafute mpokeaji naye kama mtoaji, hivyo hivyo mpaka njia iishe.

*Ofisi ya hakimiliki ya Marekani* ina katalogi ya mtandaoni kuanzia 1978. Tafuta usajili wa programu na hati za uhamisho.

Kwa majina na nembo, tumia rejista za WIPO (ya kimataifa) na EUIPO (ya Umoja wa Ulaya), kisha nchi unayouzia. Alama ya biashara ni ya nchi kwa nchi. Ukiuza Nairobi angalia KIPI. Ukiuza Dar es Salaam angalia BRELA. Zanzibar ina rejista yake, BPRA, na usajili wa bara hauifiki.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya muda

Kwa mashine za miaka ya 1980 unaweza kufuta matabaka matatu haraka. Hataza zimekwisha zote. Mpangilio wa chipu ulilindwa miaka 10 tu, Marekani kwa sheria ya 1984 na Ulaya kwa agizo la 1986. Muundo wa kasha uliosajiliwa haufiki leo, kwani ukomo wake ni miaka 25; hakikisha tu umbo halikusajiliwa pia kama alama ya biashara.

Hakimiliki ndiyo mzee asiyekufa. Programu ya kampuni iliyochapishwa Marekani mwaka 1982 inalindwa miaka 95, mpaka mwisho wa 2077. Uingereza muda ni miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, hata pale mwenye haki ni mwajiri wake, na walioandika ROM hizi wengi walikuwa vijana. Kenya na Tanzania ni miaka 50 baada ya kifo, na nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Berne. Programu ya Mwingereza inalindwa Mombasa kama ya Mkenya.

Uko mlango mmoja mwembamba. Marekani, kazi iliyochapishwa kabla ya 1978 bila tangazo la hakimiliki (©, au neno "Copyright" au "Copr.", pamoja na jina la mwenyewe) iliangukia mikononi mwa umma. Iliyochapishwa bila tangazo kati ya 1978 na mwisho wa Februari 1989 ingeweza kuokolewa kwa kusajiliwa ndani ya miaka mitano, kwa hiyo angalia katalogi kabla ya kushangilia. Mlango huu unafaa kwa vitabu na bodi za enzi ya Altair, kompyuta ya 1975. Ni sheria ya Marekani tu. Uingereza haikudai tangazo.

Alama ya biashara haina ukomo. Isipotumika miaka mitano Uingereza na Umoja wa Ulaya, au mitatu Marekani, inaweza kupingwa. *Inaweza.* Haifutiki yenyewe. Lazima mtu aombe ifutwe, na mwenyewe anaweza kuja na ushahidi wa matumizi.

Hatua ya 6. Tafuta ruhusa iliyokwisha tolewa, uisome neno kwa neno

Huenda kazi imekwisha fanywa. Mifano inayofaa kujulikana:

- RISC OS, iliyotoka Acorn, ilitolewa mwaka 2018 chini ya leseni huria ya Apache 2.0.
- Microsoft ilitoa GW-BASIC mwaka 2020 na BASIC yake ya 6502 mwaka 2025, zote kwa leseni huria ya MIT. Hilo linagusa sehemu ya Microsoft peke yake. Kernal ya Commodore 64, na yote ambayo Commodore waliongeza kwenye BASIC, hayamo.
- Hasbro iliachia haki zake za Atari Jaguar mwaka 1999.
- ROM za Spectrum: mwaka 1999 Amstrad ilikubali ziwekwe pamoja na emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani), mradi maandishi ya hakimiliki yasiguswe, na ikasema wazi kwamba hakimiliki inabaki kwake.

Huo wa mwisho husomwa vibaya kila siku. Neno lililotumika ni emuleta. Anayetaka kuichoma ROM kwenye chipu na kuiuza ndani ya bodi hana haja ya kubishana kama ruhusa "inamaanisha" na yeye; aombe yake.

Angalia pia ruhusa imetolewa kwa nani. CP/M, mfumo endeshi wa Digital Research, ilipita Novell mwaka 1991, Caldera 1996, kisha Lineo. Mwaka 2001 mwenye haki aliruhusu isambazwe, lakini maneno yake yaliitaja tovuti moja, na wengine wakaitumia kwa miaka 20 wakijifanya hawakuona. Ilibidi 2022 yatoke maelezo mapya yanayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuisambaza. Ikiwa una nakala ya barua ya 2001 tu kwenye faili lako, weka na ile ya 2022.

Hifadhi kila ruhusa kama PDF na kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao. Kurasa hufa.

Hatua ya 7. Andika barua inayojibika

Usiulize "Je, mnamiliki haki za mashine hii?" Kwa mwanasheria wa kampuni kubwa, kujibu swali hilo ni kazi ya wiki nzima isiyo na faida, na kukaa kimya ni bure. Omba kitu kidogo, chenye mipaka, kinachoweza kujibiwa kwa sentensi moja. Kwa lugha ya mpokeaji, barua iseme hivi (SHA-1 ni namba inayokokotolewa kutokana na faili, kuitambulisha):

"Tunaomba ruhusa ya kuweka ROM ya [mashine na toleo], baiti 16,384, SHA-1 [namba], katika bodi mpya zisizozidi 200. Tunaamini haki zilihamia kwenu kwa mauzo ya [mwaka]. Nakala ya ushahidi imeambatishwa. Jina na nembo yenu havitatumika. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi kwamba, kwa kiasi ambacho haki hizo ziko kwenu, mnaruhusu matumizi haya. Kama haziko kwenu, tutashukuru mkituelekeza."

Maneno "kwa kiasi ambacho haki hizo ziko kwenu" ndiyo yanayofungua mlango. Hayamlazimishi kuapa kwamba anamiliki kitu ambacho hata yeye hajakichunguza. Weka idadi na SHA-1, la sivyo baadaye hakuna atakayejua ruhusa ilihusu toleo lipi. Na kama bidhaa itauzwa, sema itauzwa. Ruhusa iliyopatikana kwa kuficha bei haisimami.

Hatua ya 8. Upange mradi kwa kile ulichokipata

Una ruhusa ya ROM: fuata mipaka yake, acha maandishi ya hakimiliki kama yalivyo.

Huna: toa bodi yenye soketi tupu na umwachie mnunuzi aweke chipu yake, au tumia ROM mbadala iliyoandikwa upya. Ziko: EmuTOS kwa Atari ST, C-BIOS kwa MSX, ROM za AROS kwa Amiga, OpenSE BASIC kwa Spectrum, Open ROMs kwa Commodore 64. Jaribu kila programu unayoitegemea kabla ya kutangaza, kwa sababu michezo ya zamani huruka moja kwa moja kwenye anwani za ndani za ROM, na mbadala usipokuwa na kitu kile kile mahali pale pale, mchezo unaganda.

Kwa bodi, chora upya kwenye KiCad, programu ya kuchora bodi, kutokana na orodha ya miunganiko uliyoithibitisha kwa mita, usitumie picha ya skana. Ipe jina lako. Bodi ya Harlequin inafanya kazi ya Spectrum kwa chipu za kawaida badala ya ULA, chipu maalumu ya Spectrum, na haikuhitaji kujiita Spectrum. Maelezo ya kweli kama "inaendana na ZX Spectrum 48K" kwa maandishi ya kawaida hayana ubaya mkubwa. Nembo yenye mistari ya rangi kwenye kasha ndiyo inayoleta barua ya wakili.

Mambo yakikwama

*Hakuna anayejibu.* Ngoja wiki nne, rudia, kisha tuma kwa posta ya kusainiwa. Kimya si ruhusa, hata kiwe cha miaka kumi, wala "iko mtandaoni tangu zamani" si ruhusa. Kwa vitabu na michoro utakayoitumia Uingereza, ofisi yao ya miliki ya ubunifu hutoa leseni kwa kazi ambazo mwenyewe hapatikani, kwa muda usiozidi miaka saba na ndani ya Uingereza tu. Itataka kuona ulivyotafuta, na hapo ndipo jedwali lako linapolipa.

*Wawili wanadai kitu kimoja.* Usimlipe yeyote kwanza. Mwombe kila mmoja hati ya uhamisho, si tangazo lake la habari. Asiyekuwa nayo hukasirika haraka. Zikitoka hati mbili zinazopingana, pata ruhusa ya wote au uache ROM hiyo.

*Kampuni ilifutwa na hakuna dalili ya mauzo.* Uingereza, mali ya kampuni iliyofutwa bila kugawiwa huwa ya Taji, na hakimiliki ni mali. Kwa sehemu kubwa ya Uingereza na Wales inashughulikiwa na Bona Vacantia Division, ofisi ya mali zisizo na mwenyewe. Uskochi ina ofisi yake. Waombe wakuuzie au wakujibu kwamba wanaikataa. Nenda na namba ya kampuni, tarehe ya kufutwa na maelezo ya kitu hasa unachotaka. Mali haifiki huko kama mfilisi alikwisha iuza, kwa hiyo maliza Hatua ya 4 kwanza. Marekani hakuna ofisi kama hiyo ya pamoja. Kilichobaki baada ya wadai ni cha wanahisa, na kuwapata ni kazi ya kumbukumbu za mahakama ya ufilisi.

*Imekuja barua ya wakili.* Simamisha mauzo siku hiyo, usifute kitu. Soma ni tabaka lipi analolalamikia. Akilalamikia jina, kubadili jina mara nyingi kunamaliza shauri. Akilalamikia ROM, ndipo utafute wakili wako kabla ya kujibu hata mstari mmoja.

*SHA-1 ya ROM yako haifanani na yoyote inayojulikana.* Isome mara tatu, linganisha. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, tatizo ni mguso mbaya au adapta. Zikifanana zote tatu, huenda chipu ilibadilishwa na mwenye mashine wa zamani: Commodore 64 nyingi zina JiffyDOS, ROM ya kampuni nyingine, mahali pa Kernal, na JiffyDOS ina mwenyewe tofauti. Fungua mstari mpya kwenye jedwali, urudi Hatua ya 2.